Kiswahili cha Askari na Lugha za Raia

Askari anapomsimamisha msafiri katika barabara ya Jinja na Mbale, jambo la kwanza linalohitajika baina yao ni lugha. Jinja wenyeji husema Kisoga. Mbale, chini ya Mlima Elgon, husema Kimasaba, na jirani zao ni Wagwere, Wateso na Wasabiny. Askari aliyezaliwa Arua au Gulu hawezi kuzijua lugha zote hizo. Kwa hiyo hutumia Kiswahili.

Desturi hiyo ni ya zamani. Jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, lilitumia Kiswahili kuwaunganisha askari wa makabila mbalimbali, na Jinja ilikuwa makao ya kikosi chake cha Uganda. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi katika shule na utawala. Kabaka Daudi Chwa alipinga, akihofia hatima ya Kiganda.

Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Lakini katika miaka ile ile raia wengi walikisikia kutoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki, aliyedai fedha au aliyekuja kumchukua ndugu yao usiku. Amri ilikuwapo, imani haikuwapo. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili baada ya Kiingereza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza kiwe somo la lazima shuleni. Hata hivyo, wapo wazee ambao hadi leo wakikisikia hukumbuka kizuizi cha barabarani.

Mambo kama haya hayakutokea Uganda peke yake. Katika Amerika ya Kusini, Kihispania na Kireno vilifika pamoja na majeshi ya wavamizi. Leo Kireno ndicho lugha rasmi ya Brazil, na Kihispania kinatumika katika sehemu kubwa ya nchi nyingine za bara hilo. Lugha hizo zimewaunganisha watu wengi, lakini kwa karne nyingi wenye lugha za asili walidharauliwa katika mahakama na ofisi za nchi yao wenyewe.

Hata hivyo, kuna mataifa yaliyotafuta njia nyingine. Mwaka 1975 serikali ya kijeshi ya Jenerali Velasco huko Peru iliifanya Kiquechua kuwa lugha rasmi pamoja na Kihispania. Katiba ya Bolivia ya mwaka 2009 inazitambua lugha za asili 36. Paraguay ni mfano ulio karibu zaidi na askari. Katika vita vya Chaco, baina ya mwaka 1932 na 1935, jeshi la nchi hiyo lilitumia Kiguarani katika mawasiliano ili adui asielewe. Lugha iliyodharauliwa mjini ikawa ngao ya taifa. Katiba ya mwaka 1992 ikaiweka sawa na Kihispania.

Funzo lililopo ni kwamba lugha ya kuunganisha taifa haina haja ya kuziua lugha za nyumbani, na kwamba sheria pekee haiwezi kuifanya ipendwe. Hupendwa kwa namna inavyotumiwa.

Hapo ndipo wajibu wa jeshi na polisi ulipo. Kifungu cha 23 cha Katiba ya Uganda kinaagiza kwamba mtu anayekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa. Bibi wa Bugisu asiyejua Kiswahili wala Kiingereza hajaelezwa kitu akifokewa kwa Kiswahili. Askari hana budi kutafuta mtu wa kufasiri. Kufanya hivyo ni kutii sheria, wala hakumpunguzii cheo.

Tena, hodi inayopigwa kwa adabu, salamu ya Kisoga au ya Kimasaba kabla ya swali, na neno "tafadhali" mahali pa matusi, ni mambo yasiyogharimu hata senti moja. Kwa raia wengi wa nchi hii, Kiswahili kilisikika kikiwa kimevaa sare. Walio na sare leo ndio wanaoweza kukifanya kiwe lugha ambayo raia wa Jinja na Mbale ataisikia mlangoni pake bila ya kuogopa.