Gia Fupi, Maelewano Marefu

Hebu tuambizane ukweli, msomaji wangu. Mwanaume akishapenda gari, kuna wakati mke unaona kabisa umeletewa mwenzio ndani ya nyumba. Analioshwa, anasifiwa, ananunuliwa zawadi. Wewe uko pembeni unahesabu hela za ada ya mtoto.

Kwetu sisi huyo "mwenzangu" ni Toyota Altezza yenye gia sita za mkono, moja kati ya zile zilizotengenezwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005. Tulichanga wote wawili kuinunua. Mimi naendesha Jumatatu mpaka Jumatano, Mbezi hadi Posta, na foleni ya Dar mnaijua. Siku zilizobaki ni za mume wangu, pamoja na ile safari ya Morogoro ambayo kwake ni kama sikukuu.

Mwaka jana akaja na hoja mpya. "Mama, hii gari inataka shoti shifta. Gia zinakwenda mbali mno."

Nikamuuliza, "Baba, inataka gari au unataka wewe?" Akacheka. Ila mimi sikuishia hapo. Hela ni yetu wote, na mkono utakaosukuma hiyo leva kwenye foleni ni wangu. Nikaamua nielewe kwanza hicho kitu ni nini.

Kinafanyaje kazi?

Leva ya gia ni kama ile bembea ya watoto ya ubao. Imeshikwa katikati kwenye egemeo. Sehemu ndefu iko juu, ndiyo unayoishika. Sehemu fupi iko chini, ndiyo inayosukuma vyuma vya giaboksi.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Juu ya egemeo kuna sentimita 20, chini sentimita 5. Ikiwa ncha ya chini inatakiwa isogee sentimita 1.5 ili gia iingie, mkono wako utasogea sentimita 6. Sasa leta leva ambayo sehemu ya chini ni sentimita 6.5. Mkono utasogea kama sentimita 4.6 tu. Umepunguza karibu robo ya safari. Ndiyo shoti shifta hiyo, wala hakuna uchawi.

Lakini bembea haitoi cha bure. Kwa mfano huohuo, nguvu ya kusukuma inaongezeka kwa asilimia 30. Unachopunguza kwenye safari, unakilipa kwa msuli. Kwa mtu anayekwenda Morogoro na kubadili gia mara chache, ni raha tupu. Kwa anayebadili moja, mbili, moja, mbili kuanzia Kimara mpaka Magomeni, bega la kushoto litasema.

Na jambo jingine: gari haliongezi nguvu hata chembe. Injini ni ileile. Unachopata ni utamu wa mkono, na utamu nao una thamani yake, mradi ujue ndicho unachonunua.

Fundi alivyotushangaza

Tukaenda gereji wote wawili, Jumamosi. Fundi akaweka gari frii, akaishika leva na kuitikisa kulia, kushoto. Ikawa inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

"Shemeji," akaniambia mimi, "hii leva haina ugonjwa. Bushi ndizo zimekwisha."

Kumbe pale leva inapokaa kuna vikombe na bushi za plastiki au mpira. Miaka ikipita zinalika, na leva inapoteza safari bure kabla haijasukuma chochote. Ile "gia zinakwenda mbali" ya mume wangu ilikuwa kwa sehemu kubwa ni ulegevu. Bushi tulizipata Gerezani, Kariakoo, kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili mjini. Kazi ikaisha kabla ya saa nane. Tulipotoka pale gia zilikuwa zinaingia vizuri mpaka mume wangu akanyamaza, na si kawaida yake.

Na shoti shifta je? Tuliinunua, miezi miwili baadaye. Tulikubaliana masharti mawili: iwe ile ya kupunguza kidogo, si ile ya kupunguza nusu, na leva ya mwanzo isitupwe. Nikaiendesha wiki mbili za foleni. Wiki ya kwanza niliinuna. Ya pili nikazoea, na nakiri pale barabara inapofunguka, gia ya tatu kwenda ya nne inateleza tamu. Ingenishinda, ile ya zamani ilikuwa kwenye boksi chini ya kitanda.

Kabla hamjatoa hela

Anzeni na bushi. Leva ikicheza sana gari likiwa frii, hapo ndipo pa kuanzia. Kuweka leva mpya juu ya bushi zilizokufa ni kuvaa suti mpya na viatu vilivyotoboka.

Jueni aina ya gari lenu. Altezza, kama magari mengi ya kusukumwa na matairi ya nyuma, leva yake imekaa juu ya giaboksi. Magari mengi ya kuvutwa na matairi ya mbele hutumia kebo, kwa hiyo angalieni na bushi za mwisho wa kebo. Kifaa cha gari moja hakiingii kwenye jingine hivihivi.

Msikubali kukata na kuchomelea. Kuna mafundi wanaofupisha leva kwa msumeno. Kukata juu kunapunguza safari kweli, lakini kichomelea kibaya kikikatika mko barabarani, mtabaki na kirungu mkononi.

Msilazimishe gia. Ndani ya giaboksi kuna pete, nyingi za madini ya jamii ya shaba, zinazosawazisha mwendo kabla gia haijaingia. Zinahitaji nukta yake. Leva fupi inamshawishi dereva kupiga haraka, na pete ndizo zinazoumia. Gia zikikwaruza, pimeni klachi na oili kwanza. Oili iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa sababu si kila oili ya gia inapatana na pete hizo.

Wote muendeshe kabla ya kuamua. Tafuteni rafiki mwenye gari lililokwisha kufungwa, muombeni mzunguko mmoja mmoja. Si mmoja aendeshe na mwingine ahadithiwe.

Hili la mwisho ndilo kubwa. Nimeona nyumba ambazo "gari letu" ni letu siku ya kuchangia na ni langu siku ya kuamua. Leo ni leva, kesho ni kiwanja. Mume wangu angeweza kabisa kuifunga kimyakimya, mimi nikaja kuigundua Jumatatu asubuhi kwenye taa za Magomeni. Hakufanya hivyo, na kwa kweli hilo lilinifurahisha kuliko gia yenyewe. Kwa hiyo, dada, akija na hoja ya kifaa, usimkatalie kabla hujauliza kinafanyaje kazi. Na wewe kaka, mpe ufunguo aende akajaribu mwenyewe.