Pikipiki Inapoanza Kumisi Ghafla: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Injini ya pikipiki ikianza kumisi, kukohoa au kukatakata, huwa imekosa kimoja kati ya vitu vinne: mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa uwiano unaofaa, cheche yenye nguvu, mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, au mpangilio sahihi wa wakati kati ya cheche, valvu na pistoni. Hakuna cha tano. Kazi ya fundi ni kujua ni kipi kati ya hivyo kimekosekana kabla hajafungua chochote.

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria na mizigo wilayani Mbinga na Nyasa, kutoka Kitura na Litembo hadi Mbamba Bay, zina injini ya silinda moja yenye mipigo minne, ukubwa wa sentimita za ujazo 100 hadi 150, na hupata mafuta kwa njia ya kabureta. Injini ya namna hiyo hulipua mara moja kwa kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, inahitaji milipuko 3,000 isiyokosea. Mlipuko mmoja ukikosekana, hakuna silinda nyingine ya kufidia, ndiyo maana dereva husikia mtikiso papo hapo.

Neno "ghafla" ni dalili yenyewe. Ringi za pistoni, valvu na silinda huchakaa polepole, kwa miezi au miaka. Injini iliyokuwa ikivuta vizuri asubuhi na kuanza kumisi mchana kwa kawaida haina ugonjwa wa uchakavu. Ina kitu kilichoziba, kilicholowa, kilicholegea au kilichokatika. Hivyo upekuzi uanzie kwenye mafuta na umeme, vitu vinavyoweza kuharibika kwa dakika moja na ambavyo ukaguzi wake haugharimu zaidi ya spana ya plagi, bisibisi na chupa safi.

Kabla ya kushika spana, dereva aulizwe maswali machache. Tatizo lilianza baada ya kujaza mafuta? Baada ya kuosha pikipiki au kuvuka mto? Baada ya kutoka kwa fundi? Injini inamisi ikiwa kwenye sailensa, yaani mngurumo wa chini bila resi, au ikipandishwa resi, au katika mlima peke yake? Inaanza kumisi ikiwa ya baridi, au hadi ipate moto? Pikipiki iliyoharibika kilomita chache baada ya kujazwa mafuta imeshataja chanzo chake. Iliyoharibika baada ya mvua inaelekeza kwenye nyaya. Iliyotoka gereji inaelekeza kwenye kile kilichoguswa huko.

Mafuta ndiyo ya kwanza. Vijiji vingi viko mbali na vituo vya mafuta, na petroli huuzwa kwa chupa na madumu. Dumu lililoachwa wazi huingia maji na uchafu. Mfuniko wa tangi uliochakaa nao hupitisha maji ya mvua, hasa katika majira yanayoanza Novemba au Desemba hadi Aprili. Kupima ni rahisi: injini ikiwa imepoa na pasipo sigara wala moto karibu, koki ya mafuta hufungwa, skrubu ya chini ya bakuli la kabureta hulegezwa, na mafuta yaliyomo hukingwa katika chupa nyeupe. Chupa huachwa itulie. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hushuka chini na kuonekana kama matone ya mviringo yanayoteleza juu ya kitako cha chupa. Tone dogo tu linatosha kuziba tundu la jeti na kuzima mlipuko. Maji yakionekana, tangi na bakuli vyote vimwagwe. Kumwaga bakuli peke yake hakutoshi, kwani maji yaliyobaki tangini yatashuka tena.

Chupa hiyohiyo huonyesha pia kutu na mchanga. Ikiwa mafuta ni safi, koki ifunguliwe ili kuona kama yanatiririka bila kukatika. Yakianza vizuri kisha yakapungua, tundu la hewa kwenye mfuniko wa tangi huenda limeziba kwa vumbi. Mafuta yanapotoka tangini bila hewa kuingia, mvuto hujengeka ndani na kuyazuia. Dalili yake ni pikipiki inayozima baada ya mwendo fulani, ikasimama kidogo, kisha ikawaka tena. Mfuniko ukifunguliwa husikika sauti ya hewa ikiingia, na injini hurudia hali yake.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni tatizo jingine. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianzisha mpango wa kuweka vinasaba katika mafuta ili kubaini uchakachuaji, lakini petroli inayopita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kufika kijijini bado yaweza kuchanganywa njiani. Injini inayotumia mchanganyiko huo huwaka kwa shida ikiwa ya baridi, hutoa moshi na hugonga inapopandisha mlima. Tone moja likidondoshwa juu ya karatasi nyeupe hutoa jibu la awali: petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama, ilhali mafuta ya taa huacha doa.

Mafuta yakiwa sawa, plagi ifuatie. Plagi hutolewa muda mfupi baada ya injini kumisi, kabla haijaachwa iungurume muda mrefu bila mzigo, na ncha yake husomwa kwa rangi. Rangi ya kahawia isiyokoza ni ya afya. Masizi makavu meusi yana maana ya mafuta mengi au hewa kidogo. Plagi iliyolowa petroli haikupata cheche, au kabureta inafurika. Plagi yenye oili nyeusi inayong'aa inaonyesha oili inapita kwenye ringi au mihuri ya valvu. Ncha nyeupe kama chokaa inaonyesha joto kali, mara nyingi kwa sababu ya mafuta kidogo au hewa inayoingia isikotakiwa. Pengo la plagi katika pikipiki nyingi ndogo ni kati ya milimita 0.6 na 0.8. Kipimo kamili hutolewa na kitabu cha mtengenezaji.

Ili kuona cheche, plagi iliyosafishwa huvikwa kofia yake na chuma chake hugusishwa kwenye kichwa cha injini, mbali na tundu la plagi na mafuta yaliyomwagika, kisha kiki hupigwa. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Ya njano au nyekundu, au inayokuja na kupotea, ni dhaifu. Kwanza ijaribiwe plagi nyingine iliyo nzima. Hali isipobadilika, kofia ya plagi na waya wake vikaguliwe: mpasuko mdogo hupitisha umeme kwenda kwenye bodi ya injini, hasa ukilowa. Usiku, injini ikiunguruma gizani, cheche zinazovuja huonekana kwa macho. Nyaya za swichi ya kuzimia na za ardhi nazo huchubuka karibu na usukani, na dalili yake ni injini kukatika usukani unapokatwa upande mmoja. Koili mbovu hujulikana kwa jinsi inavyoshindwa ikipata moto, kisha ikafanya kazi tena ikipoa.

Hewa ni ya tatu. Wakati wa kiangazi, vumbi la barabara za udongo hujaza filta upesi, na injini iliyokosa hewa hutoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Filta ya sponji huoshwa, hukaushwa na kupakwa oili kidogo. Ya karatasi hubadilishwa. Kuendesha bila filta ni kuingiza mchanga ndani ya silinda, na gharama yake huja baadaye ikiwa pistoni na ringi mpya. Upande wa pili wa kabureta, raba inayoiunganisha na injini hupasuka na kuvuta hewa ya ziada. Maji ya sabuni yakipakwa juu yake injini ikiwa kwenye sailensa, mngurumo ukabadilika, ufa umepatikana.

Mwinuko wa nchi nao usisahauliwe. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, wakati mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300. Shinikizo la hewa hupungua kwa takriban asilimia 10 kati ya sehemu hizo mbili, lakini kabureta haijirekebishi. Pikipiki iliyorekebishwa Mbamba Bay ikipanda hadi Mbinga hupata mafuta mengi kuliko hewa, ikawa nzito na kuchafua plagi. Tatizo hilo huja polepole kadiri mlima unavyopandwa na huondoka kwenye mteremko. Pikipiki inayokatakata hata kwenye tambarare ina tatizo lenye chanzo kingine.

Mgandamizo hupimwa mwishoni. Kiki ikishuka kwa wepesi usio wa kawaida, kijiko cha oili humiminwa kupitia tundu la plagi na kiki hupigwa tena. Ikiwa nzito, ringi zimechoka. Isipobadilika, valvu hazifungi vizuri. Mara nyingi tapeti zimebana. Katika injini hizi nafasi yake huwa karibu milimita 0.05 hadi 0.10, na hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa. Cheni ya taimingi iliyoruka meno nayo huharibu mpangilio wote kwa mara moja.

Matatizo mawili hufanana na kumisi bila kuwa hivyo. Klachi inayoteleza chini ya magunia ya kahawa hupandisha mngurumo bila kuongeza mwendo, na cheni ya tairi iliyolegea hurusha pikipiki kama injini inayokatika. Yote mawili hutambuliwa pikipiki ikiwa imesimama: injini ikinguruma sawasawa kwenye gia huru, tatizo liko nje yake.

Sauti ya chuma kugonga chuma au kiwango cha oili kilichoshuka ni sababu ya kuzima injini mara moja. Mengine yote yafuate utaratibu: mafuta, cheche, hewa, mgandamizo, na kitu kimoja kibadilishwe kwa wakati mmoja. Fundi anayebadilisha plagi, koili na kabureta kwa pamoja anaweza kuiponya pikipiki, lakini hatajua alichoponya, na mteja atalipia vifaa viwili ambavyo havikuwa vibovu. Mwenye pikipiki ana haki ya kuuliza chanzo kilionekanaje kabla ya kununua kifaa kipya, na afanye hivyo kila mara.