Masikio ya mzamiaji: kinga na tiba ya maumivu baada ya kupiga mbizi

Mji wa Al Rayyan, uliopakana na Doha kwa upande wa magharibi, ni mji wa nchi kavu. Wakaazi wake, wakiwemo wafanyakazi wengi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, wanaujua zaidi kwa viwanja vyake vilivyotumika katika Kombe la Dunia la mwaka 2022 kuliko kwa mambo ya bahari. Lakini Qatar ni rasi iliyozungukwa na maji pande tatu, na hakuna mahali nchini humo palipo mbali na pwani. Mwisho wa juma, ambao huko ni Ijumaa na Jumamosi, baadhi ya wakaazi hao huelekea Mesaieed na ufuko wa Sealine, kusini mwa Doha, kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa. Si wachache wanaorudi nyumbani jioni wakiwa wamelishika sikio.

Madaktari wanaoshughulikia tiba ya wazamiaji wanakubaliana kwamba jeraha la sikio linalosababishwa na shinikizo la maji ndilo linalowapata wazamiaji mara nyingi kuliko majeraha mengine yote. Kwa kawaida jeraha hilo hupona lenyewe. Hata hivyo, imo aina moja inayoweza kumwacha mtu akiwa kiziwi wa sikio moja kwa maisha yake yote iwapo atazipuuza siku za mwanzo, na ajabu ni kwamba aina hiyo huenda isiume hata kidogo. Kwa sababu hiyo, suala hili linahitaji maelezo zaidi ya ule ushauri wa kawaida usemao kwamba maji yameingia sikioni na yatatoka yenyewe.

Sikio lina sehemu tatu. Sikio la nje ni lile tundu linaloonekana, ambalo huishia kwenye ngozi nyembamba iitwayo kiwambo au ngoma ya sikio. Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo chenye hewa, nacho ni sikio la kati. Chumba hicho kimeunganishwa na sehemu ya juu ya koo, nyuma ya pua, kwa mrija mwembamba uliopewa jina la Bartolomeo Eustachi, mtaalamu wa maumbile ya mwili wa nchini Italia katika karne ya 16. Ndani zaidi, katikati ya mfupa, kuna sikio la ndani lililojaa majimaji, ambalo lina kazi mbili: kusikia, na kuuweka mwili katika mizani usipepesuke.

Mrija huo kwa kawaida umefumba, na hufunguka kwa muda mfupi tu mtu anapomeza mate au anapopiga miayo. Msikilizaji aliyewahi kusafiri kwa ndege anakumbuka jinsi masikio yanavyoziba wakati ndege inapoteremka. Majini hali ni hiyo hiyo, ila huja kwa kasi kubwa zaidi. Mtu aliye juu ya maji hubeba shinikizo la angahewa 1, na kwa kila mita 10 anazoshuka huongezeka angahewa nyingine. Akifika mita 10, shinikizo limekuwa maradufu, na hewa iliyomo katika sikio la kati, isipoongezwa nyingine, imebanwa hadi nusu ya ujazo wake. Ili shinikizo liwe maradufu tena itambidi ashuke hadi mita 30. Kwa hiyo hatari kubwa kwa masikio haiko kilindini kama wengi wanavyodhani. Iko katika mita chache za mwanzo, mahali ambapo mwanafunzi bado anaiona jua vizuri na anaamini kwamba hajaanza kuzamia.

Katika kina cha mita 1 au 2 tu, kiwambo husukumwa kuelekea ndani na kuanza kuuma. Mzamiaji akiendelea kushuka bila ya kusawazisha shinikizo, mdomo wa mrija hubanwa na kufungwa kabisa, kiasi kwamba hata apulize kwa nguvu zake zote hautafunguka. Hapo mwili huijaza nafasi hiyo kwa njia yake wenyewe: utando wa sikio la kati huvimba, kisha hutoa majimaji, kisha damu. Hilo nalo lisipotosha, kiwambo hupasuka. Anayepasukiwa huweza kuhisi kwamba maumivu yametoweka ghafla, akafurahi. Lakini maji ya baridi yakipenya hadi sikio la kati huleta kizunguzungu kikali, na mtu akawa hajui juu ni wapi na chini ni wapi. Kwa mzamiaji, huo ni wakati wa hatari kubwa.

Maumivu haya si mageni katika Ghuba. Kabla Qatar haijaanza kusafirisha mafuta mwishoni mwa mwaka 1949, lulu ndizo zilizowalisha watu wake. Kila msimu wa joto, kwa takriban miezi minne, wazamiaji walishuka mara nyingi kwa siku wakiwa na jiwe la kuwazamisha, kamba ya kuwavuta juu, na kibanio cha pua kilichoitwa fitam, kilichochongwa kutokana na gamba la kasa au pembe. Miongoni mwao walikuwemo Waafrika waliotekwa Afrika Mashariki na kuuzwa huko, hasa katika karne ya 19. Utumwa ulipigwa marufuku nchini Qatar mwaka 1952, na historia hiyo inaelezwa hadi leo katika Nyumba ya Bin Jelmood, jumba la makumbusho lililofunguliwa mjini Doha mwaka 2015.

Mwandishi Al-Masudi wa Baghdad, ambaye katika karne ya 10 alifika pia kisiwa cha Qanbalu, kinachodhaniwa na wanahistoria wengi kuwa ni Pemba, aliandika kwamba wazamiaji wa lulu walitia masikioni pamba iliyochovywa katika mafuta. Alisimulia pia kwamba masikio yao yalipasuliwa ili wapumulie huko kwa kuwa pua zimefungwa. Habari hii ya pili inasikika kama ngano, lakini huenda ina chembe ya ukweli ndani yake: mtu mwenye kiwambo kilichotoboka akibana pua na kupuliza, hewa hutoka kweli sikioni. Ama pamba na vizibo vya masikio, tiba ya leo inavikataza kabisa kwa mzamiaji, kwani huacha hewa iliyonaswa kati ya kizibo na kiwambo, na kuleta jeraha lile lile kwa upande wa pili.

Mzamiaji wa lulu hakuwa na hiari. Mwenye deni kwa nahodha, na zaidi yake mtumwa, hakuweza kusema kwamba leo sikio linauma na kwa hiyo hashuki. Mzamiaji wa siku hizi anayo hiari hiyo, na kinga yote ya masikio imejengwa juu yake. Tatizo ni kwamba wengi hawaitumii. Mtu amekwisha lipa ada, wenzake wanamsubiri chini, mwalimu ameshaonyesha ishara ya kushuka, naye huona haya kuwa yeye peke yake aliyekwama kwenye mita 2. Haya hiyo imepasua viwambo vingi.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Kusawazisha huanza kabla ya maumivu, tena kabla ya kichwa kuingia majini, na hurudiwa kila baada ya nusu mita hivi katika mita za mwanzo. Njia inayojulikana zaidi ni ile iliyoelezwa mwaka 1704 na daktari wa Italia, Antonio Maria Valsalva: kubana pua, kufunga mdomo, na kupuliza taratibu. Neno taratibu lina uzito hapa. Mpulizo wa nguvu unaozidi sekunde 5 unaweza kulidhuru sikio la ndani. Wengine hubana pua na kumeza mate, njia ambayo ni ya upole zaidi. Anayeanza anashauriwa kushuka miguu ikitangulia huku akishika kamba ya nanga, kwani mrija hufunguka kwa urahisi zaidi kichwa kikiwa juu. Sikio likikataa, hupanda mita 1 na kujaribu tena. Likikataa tena, humwonyesha mwenzake sikio na kuupepesa mkono uliokunjuliwa, ishara inayofahamika kwa wazamiaji wote kuwa kuna tatizo, na safari ya siku hiyo huishia hapo.

Mwenye mafua hazamii. Wapo wanaomeza dawa za kufungua pua ili wasiikose safari, lakini dawa ikiisha nguvu mtu akiwa chini, hewa iliyoingia sikioni hukosa njia ya kutokea wakati wa kupanda. Anayeshindwa kushuka anaweza kurudi juu. Anayeshindwa kupanda ana mtungi unaokwisha.

Mtu akisharudi nchi kavu akiwa na maumivu, swali la kwanza ni sehemu ipi ya sikio imeumia. Ikiwa maumivu yamekuja siku moja au kadhaa baadaye, na yanazidi sikio linapovutwa au kile kinyama cha mbele ya tundu kinapobonyezwa, basi huenda ni maambukizi ya sikio la nje. Maji ya Ghuba, ambayo katika msimu wa joto huzidi nyuzi joto 30, huilainisha ngozi ya tundu, na vijiti vya pamba huikwaruza na kuwafungulia mlango bakteria. Tiba yake ni matone ya antibayotiki yanayotolewa na daktari, na kuliweka sikio kavu. Wazamiaji wengi hujikinga kwa matone yenye asidi ya siki, ambayo hata hivyo hayafai kwa sikio lililotoboka.

Ikiwa maumivu yalianza wakati wa kushuka, na sikio limebaki zito, linasikia kama mtu aliye ndani ya pipa, au damu kidogo imetoka puani, basi sikio la kati limeumia. Tiba kubwa hapo ni kupumzika: kutozamia, kutopuliza pua iliyobanwa, kumeza dawa ya kawaida ya maumivu kama parasetamoli, na pengine kutumia dawa ya kupuliza puani kwa siku chache. Antibayotiki hazihitajiki ila daktari akiona dalili za maambukizi au kiwambo kilichopasuka.

Hapa ndipo desturi za nyumbani zinapoleta madhara. Kuanzia Lamu hadi Kilwa, na katika nyumba nyingi za Ghuba vilevile, sikio linalouma hutiwa mafuta ya uvuguvugu, maji ya kitunguu au ya kitunguu saumu. Kwa sikio lenye kiwambo kilichotoboka, kila kinachotiwa huingia moja kwa moja katika sikio la kati pamoja na vijidudu vyake. Hata baadhi ya matone yanayonunuliwa dukani, kama yale ya gentamaisini, yanaweza kulisumisha sikio la ndani na kupunguza usikivu. Kanuni ni moja: mpaka daktari atazame kwa kurunzi yake na kuthibitisha kwamba kiwambo ni kizima, sikio la mzamiaji halitiwi chochote.

Aina ya tatu ni ile ya sikio la ndani. Dalili zake ni usikivu unaopungua ghafla, mvumo au mlio usiokoma, na kizunguzungu kinachoambatana na kutapika. Mgonjwa asiye na maumivu hudhani ni uchovu wa bahari na kwenda kulala. Hiyo ni dharura ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na nchini Qatar nambari ya kupiga ni 999. Akiwa njiani, kichwa kiinuliwe, asipenge kamasi, asibebe mzigo, wala asijikamue. Daktari wa masikio, pua na koo huweza kumpa steroidi, na mara nyingine upasuaji huhitajika kuziba penyo ambamo majimaji yanavuja.

Ugumu ni kwamba dalili hizo hizo huletwa pia na mapovu ya gesi yanayojitokeza mwilini baada ya kuzamia kwa kina au kwa muda mrefu, na tiba yake ni tofauti kabisa: kuingizwa katika chumba maalumu cha shinikizo. Daktari huanza kuzitofautisha kwa kuuliza dalili zilianza lini, wakati wa kushuka huku masikio yakigoma, au baada ya kupanda. Kwa hiyo ni muhimu mgonjwa au mwenzake akumbuke kina alichofika, muda aliokaa, na sikio lilianza kusumbua wakati gani.

Kwa mfanyakazi wa Al Rayyan aliye likizoni Watamu au Nungwi, kuna jambo moja zaidi. Shirika la kimataifa la usalama wa wazamiaji, DAN, linashauri kusubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 kwa aliyezamia mara kadhaa. Muda huo unahusu mapovu ya gesi, hautoshi kuliponya sikio. Mwenye sikio lililoziba amwone daktari kabla ya safari, hata ikibidi kubadili tikiti, maana ndege itakapoteremka litabanwa upya.

Kiwambo kilichopasuka mara nyingi huziba chenyewe katika muda wa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi 2 au 3, mradi kisiingie maji. Wakati wa kuoga, pamba iliyopakwa vaselini hutosha kulikinga sikio. Kurudi baharini ni uamuzi wa daktari baada ya kulitazama sikio upya. Kabla ya kupanda mashua, mzamiaji akiwa amekaa nchi kavu abane pua na kumeza mate, asikilize kama masikio yote mawili yanafunguka. Moja likibaki kimya, muda wake bado haujafika.