Mtoto wa Jicho Hutibika

Wapendwa wanavikundi wa Makongeni, si kila shosho asiyeona ni wa kuambiwa ni uzee. Mara nyingi ni mtoto wa jicho: lenzi iliyo ndani ya jicho imeingia ukungu. Matone na miti shamba haviuondoi. Daktari huitoa lenzi hiyo na kuweka ya plastiki.

Hospitali kama PCEA Kikuyu hutuma wataalamu kupima macho mashinani. Lakini kupimwa bure hakumsaidii mzee aliyekosa nauli na mtu wa kumshika mkono. Hiyo sasa ni kazi yetu.

Piteni nyumba kwa nyumba. Mzee afunike jicho moja, ahesabu vidole vyako kutoka mita 6, kisha jicho la pili. Akishindwa, andikeni jina lake. Tengeni nauli katika mchango, na mchague wa kumsindikiza mpaka upasuaji uishe.