Nakala ya akiba inayopoteza majina ya faili ni hasara iliyofichika

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la wafanyabiashara wengi limo ndani ya kompyuta, na si kila anayedhani amelihifadhi amelihifadhi kweli.

Wiki hii tunaacha kidogo bei za bidhaa na hisa ili tutazame hasara ambayo haionekani kwenye mizania mpaka siku mkaguzi au ofisa mikopo anapobisha hodi. Ni hasara ya kutumia programu za zamani kuhifadhi faili zenye majina marefu.

Wanaohusika zaidi ni wenye maduka, maghala na ofisi ambazo bado zina kompyuta ya Windows 95 au Windows 98 kwenye kona. Kompyuta hizo hazikubaki kwa sababu ya ubahili tu. Programu nyingi za hesabu na stoo zilizonunuliwa miaka ile ni za biti 16, na Windows za biti 64 haziziendeshi kabisa. Mwenye duka anaona mashine inafanya kazi, anaiacha iendelee. Pamoja nayo anaacha pia disketi za programu za kuhifadhi alizozizoea.

Faili moja, majina mawili

Katika mfumo wa DOS, jina la faili lilikuwa na herufi zisizozidi 8, kisha nukta, kisha herufi 3 za kuonyesha aina ya faili. Windows 95 ilipoingia sokoni Agosti 24, 1995, ilimruhusu mtumiaji kuandika jina la hadi herufi 255. Karani akaweza kuandika "Hesabu za Juni Duka la Kariakoo.xls" na kila mtu akaelewa.

Lakini Microsoft haikutaka programu za zamani zikwame. Kwa hiyo kila faili yenye jina refu ilipewa na jina fupi la kificho. Faili yetu ya Juni ikaitwa HESABU~1.XLS. Ya Julai, ikiwa imo kwenye folda ileile, ikaitwa HESABU~2.XLS. Namba ya mwisho hufuata nani alitangulia kuingia kwenye folda. Haina uhusiano wowote na mwezi.

Jina refu lenyewe hukatwa vipande vya herufi 13 na kuwekwa katika nafasi za ziada kwenye orodha ya diski, zikiwa na alama ya kuzifanya programu za zamani zizipite bila kuzisoma. Jina letu la Juni lina herufi 35, kwa hiyo linachukua nafasi 3 za ziada. Programu ya DOS inaona HESABU~1.XLS tu.

Hatari tatu

Hatari ya kwanza ni ya kupoteza majina. XCOPY na programu ya kuhifadhi ya MS-DOS 6, pamoja na PKZIP 2.04g ya mwaka 1993 iliyopendwa sana kwa kubana faili, huchukua jina fupi peke yake. Kazi huisha salama na hakuna onyo la kosa. Yaliyomo ndani ya faili yapo yote. Ila siku ya kurejesha, mwenye duka anapata folda yenye HESABU~1 mpaka HESABU~9, kisha HESAB~10 na kuendelea, na hana budi kufungua moja moja kujua ipi ni ya nani.

Hatari ya pili inatoka kwenye programu za kurekebisha na kupanga diski. Programu ya zamani isiyojua majina marefu inaweza kuhamisha jina fupi na kuviacha vipande vya jina refu nyuma, au ikaviona kuwa ni makosa na kuvifuta. Windows 95 iliweka kizuizi dhidi ya programu za namna hiyo kuandika moja kwa moja kwenye diski, lakini kizuizi hicho kiliweza kuondolewa kwa amri ya LOCK. Na anayewasha mashine kwa disketi ya DOS 6 haoni kizuizi chochote.

Hatari ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu inagusa tarakimu zenyewe. Tuchukulie kompyuta ya duka imeharibika na fundi ameweka Windows upya. Karani ana faili ya Julai kwenye disketi, anainakili kwanza ili kazi iendelee. Kwa kuwa folda ni tupu, Julai inapewa jina fupi la HESABU~1.XLS. Kesho yake fundi anarejesha nakala ya zamani iliyobanwa kwa programu ya DOS. Humo HESABU~1.XLS ni ya Juni.

Programu inauliza kama iandike juu ya faili iliyopo. Fundi, ambaye ameulizwa swali hilo mara nyingi asubuhi hiyo, anajibu ndiyo. Tarakimu za Juni zinaingia ndani ya faili ya Julai. Jina linalobaki kwenye skrini bado linasomeka "Hesabu za Julai Duka la Kariakoo".

Hapo hakuna faili iliyopotea kwa macho. Kuna faili ya Julai yenye mauzo ya Juni, na ritani ya kodi inaweza kujazwa kutokana nayo.

Dawa yenye masharti

Microsoft ilijua tatizo hili. Ndani ya CD ya Windows 95 iliweka programu ndogo iitwayo LFNBK. Ikiendeshwa kwa alama ya /B, huandika majina marefu yote katika faili ya LFNBK.DAT na kuyaondoa kwenye diski, ili programu ya zamani ifanye kazi yake. Baadaye alama ya /R huyarudisha.

Masharti yake ni magumu. Folda zikibadilika kati ya hatua hizo mbili, majina ya sehemu iliyobadilika hayarudi. LFNBK.DAT ikipotea, hakuna cha kurudisha. Microsoft yenyewe ilieleza kuwa chombo hicho ni cha wazoefu wenye mahitaji maalumu, si cha matumizi ya kila siku. Mwenye duka asikifanye utaratibu wake wa kila Ijumaa.

Gharama iko wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya ya mwaka huohuo nayo inataka miaka 5. Mkaguzi anataka kumbukumbu inayoonekana na inayoeleweka. Faili 60 zisizo na majina ni sawa na kabati la risiti zilizomwagwa sakafuni: zipo, lakini mshahara wa karani wa kuzipanga unatoka mfukoni mwako.

Kwa mwekezaji mdogo anayenunua sehemu ya biashara, hili ni swali la kuuliza kabla ya kutoa fedha: mara ya mwisho nakala za hesabu zilirejeshwa lini, na nani alizifungua kuhakikisha?

La kufanya

Kwanza, chapisha orodha kabla fundi hajagusa kitu. Ukiwa ndani ya Windows 95 au 98, amri ya DIR kwenye dirisha la DOS huonyesha jina fupi na jina refu kwenye mstari mmoja. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Pili, usitumie programu iliyotangulia mfumo wako. Njia nyepesi ni kuitoa diski ya mashine ya zamani na kuiunganisha na kompyuta ya sasa kwa kiunganishi cha USB. Windows za sasa na Linux husoma majina hayo marefu bila shida.

Tatu, rejesha nakala kwenye folda tupu daima. Usirejeshe juu ya faili zinazotumika.

Wenye kompyuta mpya nao wasicheke. XCOPY ya Windows bado hukwama njia nzima ya faili, yaani folda zote pamoja na jina, inapozidi herufi 254. Windows 10 ilifungua mlango wa kuvuka kikomo cha herufi 260 mwaka 2016, lakini ni lazima uruhusiwe kwanza, na programu nazo ziukubali. Anayependa folda ndani ya folda mara kumi atumie ROBOCOPY.

Jumamosi hii, baada ya kufunga duka, chukua nakala yako ya mwisho, irejeshe kwenye folda tupu, kisha fungua faili tano. Linganisha jina la nje na mwezi ulioandikwa ndani. Visipolingana, usifute chochote, na usimwite fundi mwenye disketi ya DOS.