Hakuna Dripu ya Nguvu

"Daktari, mbona mama hajatundikiwa dripu ya nguvu?" Nimeulizwa hivyo na watoto, wajukuu, wakwe, wachungaji, na hata mwalimu wa baiolojia. Kila mafua makali au UVIKO-19 inapopita mtaani na kutuletea wazee wodini, swali hurudi pamoja na raundi ya asubuhi, tena kwa sauti ya juu: mgonjwa ana siku ya pili hospitalini, hawezi kusimama, na manesi badala ya kumwacha alale wanamkalisha kitini na kumpa uji. Nalijibu hapa kwa wote.

Hakuna dripu ya nguvu. Yapo maji, ipo chumvi, ipo sukari, na wakati mwingine vitamini kidogo. Tupige hesabu. Chupa ya nusu lita ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, yaani kama vijiko sita vya chai. Bakuli la uji wa maziwa uliotiwa karanga za kusaga linaipita kwa mbali, tena lina protini, ambayo katika chupa haimo hata chembe. Chupa ya nusu lita ya maji ya chumvi ina gramu 4.5 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Familia ileile iliyomnyima baba chumvi mezani kwa ajili ya presha inanidai nimtundikie chupa tatu! Na ile ya njano, inayopendwa kuliko zote, imetiwa vitamini za kundi B. Rangi yake inatokana na riboflavini, na mwili ukishatosheka huimwaga kwenye mkojo. Mgonjwa akikojoa njano iliyokolea, msishangilie kwamba sumu inatoka. Zinazotoka ni fedha zenu.

"Lakini jirani yetu alitundikiwa akainuka." Sikatai. Kama alikuwa ametapika na kuharisha, alikaukiwa maji, na maji yalimfaa. ORS ingemfaa pia ikiwa alikuwa anaweza kunywa. Kama alikuwa na mafua, homa ya kirusi mara nyingi hushuka yenyewe baada ya siku kadhaa, na chupa ikapewa sifa kwa kuwa ndiyo iliyoonekana mwisho. Na kama ndani ya dripu au pembeni yake kulikuwa na sindano ya dexamethasone, hapo ndipo mnapodanganyika zaidi. Dawa hiyo humchangamsha mtu na kumpa hamu ya kula kwa siku chache, huku ikipandisha sukari na kuficha homa. Ina kazi yake: mwaka 2020 utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulionyesha kwamba inapunguza vifo kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliohitaji oksijeni. Utafiti huohuo haukuona faida yoyote kwa wasiohitaji oksijeni. Haikuwahi kuwa dawa ya uchovu.

Mtaniambia: basi hata kama haisaidii, haidhuru. Inadhuru. Moyo wa mtu wa miaka 80, hasa aliyeishi na presha muda mrefu, umekakamaa. Haupanuki upesi kupokea maji yanayomiminwa mshipani. Figo nazo huchelewa kuyatoa. Yakikosa pa kwenda hujaa kwenye mapafu, mapafu yaleyale ambayo kirusi kimekwisha kuyavimbisha. Jioni mgonjwa anapumua vizuri, usiku wa manane anaomba akalishwe, alfajiri anatafutiwa oksijeni. Ndugu husema ugonjwa umezidi. Mara nyingine kilichozidi ni chupa. Na moyo huo tayari uko matatani: utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba katika siku saba za kwanza baada ya mafua ya influenza kuthibitishwa, hatari ya shambulio la moyo hupanda takriban mara sita.

Dhara la pili halionekani kwenye eksirei. Mwenye dripu mkononi hainuki. Kwa kuwa hainuki, anavalishwa pampasi au anawekewa mpira wa mkojo. Mpira huleta maambukizi, maambukizi huleta kuchanganyikiwa, aliyechanganyikiwa huchomoa mpira na dripu, kisha hufungwa mikono au hupewa dawa ya usingizi. Baada ya hapo ni vidonda vya mgongo, damu kuganda mguuni, na mzee aliyeingia kwa miguu anatoka amebebwa. Kirusi kilikuwa kimeshaondoka zamani.

Kitanda peke yake kinatosha kufanya kazi hiyo. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la wazee wenye afya njema, wastani wa miaka 67, waliokubali kulala kitandani siku 10. Hawakuwa na homa wala kikohozi, na chakula walipewa. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Mama yenu ana homa, hali chakula, na alikuja akiwa amekwisha kukonda. Ndiyo maana manesi wanamkalisha kitini.

Kinachomlaza hasa ni kitu ambacho hakuna chupa inayokijaza: udhaifu wa uzeeni. Mwili umepoteza akiba, katika misuli, moyo, figo na ubongo, kiasi kwamba ugonjwa mdogo unauangusha mzima. Dalili zake mnaziona nyumbani kabla sisi hatujaziona: kukonda bila sababu, kuchoka upesi, mkono usioshika kwa nguvu, mwendo uliopungua, kutwa kukaa. Tatu kati ya hizo zikikutana, mzee huyo ni dhaifu kwa vigezo ambavyo Linda Fried na wenzake walivitoa mwaka 2001. Si lazima awe mzee sana. Mwaka 2020 utafiti uitwao COPE, wa wagonjwa 1,564 wa UVIKO-19 katika hospitali 10 za Uingereza na moja ya Italia, ulikuta kwamba kiwango cha udhaifu kilibashiri matokeo ya mgonjwa vizuri kuliko umri au magonjwa mengine aliyokuwa nayo. Bibi wa miaka 85 aliyekuwa akilima na kwenda sokoni anaweza kuruhusiwa kabla ya mstaafu wa miaka 68 ambaye mwaka mzima hakuvuka kizingiti.

Kipimo cha udhaifu kilichotumika katika utafiti wa COPE kilibuniwa na Kenneth Rockwood na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada. Hakihitaji mashine. Kina ngazi 9, na kinategemea swali moja: wiki mbili kabla ya kuugua, alikuwa anaweza nini? Alijipikia? Alipanda daladala mwenyewe? Aliogeshwa? Mkinijibu hilo mtakuwa mmenisaidia kuliko mkija na bahasha ya vipimo vya miaka mitatu. Aliyekuwa akitembea juzi na leo hawezi, tunamhangaikia arudi alikokuwa. Aliyekuwa hatoki kitandani kwa mwaka mzima, tunazungumza na familia mapema kuhusu kipi kitamsaidia na kipi kitamtesa bure.

Haya, ya kufanya. Msisubiri homa: mzee dhaifu anaweza kuwa na maambukizi makali bila joto wala kikohozi. Katika utafiti wa Marekani wa wazee 817 waliofika idara za dharura na UVIKO-19, asilimia 28 walikuwa wamechanganyikiwa, na zaidi ya theluthi ya hao hawakuwa na homa wala kubanwa pumzi. Akianza ghafla kuweweseka, kuanguka au kukataa chakula, mleteni siku hiyohiyo. Mganga na maombi visimcheleweshe. Njooni na dawa zake zote, za hospitali na za mitishamba. Mleteeni miwani, meno bandia na mkongojo. Mmoja wenu akae naye usiku. Alishwe akiwa ameketi wima, kidogokidogo: mayai, maharage, samaki, maziwa. Anywe mara kwa mara, isipokuwa daktari amempangia kiasi. Asimame kila siku, hata hatua tano hadi dirishani. Msinunue antibiotiki kwa ajili ya kirusi. Ulizeni kila asubuhi kama mpira wa mkojo bado una kazi. Akirudi nyumbani, aendelee kuinuka kwenye kiti mara kadhaa kwa siku. Akipona, ulizeni chanjo ya mafua na ya UVIKO-19, yake na ya wanaomhudumia.

Na dripu? Presha ikishuka mno, sukari ikianguka, akitapika kila anachomeza au asipojitambua, tutaitundika bila kuombwa, na tutaitoa mara tu kazi yake itakapokwisha.