Visu, bunduki na safari za utotoni: kwa nini sheria zilikazwa?

Mazungumzo ya watu waliovuka umri wa miaka hamsini, yawe barazani Mombasa, Muscat au Leicester, aghalabu hufika katika kauli moja: sisi tulipokuwa watoto tulikwenda na visu mfukoni, tukasafiri peke yetu, na hakuna aliyetuuliza kitu.

Kauli hiyo ina ukweli mwingi. Katika shule za msingi za Tanzania, baada ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967, siku ya kazi za shamba aliyeogopa mwalimu ni yule aliyefika bila jembe wala panga. Penseli zilichongwa kwa wembe. Mtoto aliyekwenda kwa bibi yake wakati wa likizo alikabidhiwa kwa utingo wa basi, na safari ikaisha salama.

Marekani nako wapo wanaosimulia hivyo hivyo. Antonin Scalia, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo hadi alipofariki mwaka 2016, alikuwa akieleza jinsi alivyopanda treni ya chini ya ardhi mjini New York, akiwa mwanafunzi, huku amebeba bunduki yake ya mazoezi ya shabaha. Hiyo ilikuwa takriban mwanzoni mwa miaka ya 1950, na shule nyingi za huko zilikuwa na timu za kulenga shabaha.

Tatizo la kumbukumbu hizi ni kwamba bunduki, visu na safari huwekwa katika kapu moja, kana kwamba mtu fulani aliamka asubuhi akavipiga marufuku vyote pamoja. Kila katazo lina mwaka wake, na karibu kila mwaka una msiba wake.

Bunduki kwa njia ya posta

Hadi mwaka 1968, Mmarekani aliweza kuagiza bunduki kwa posta kama anavyoagiza viatu. Bunduki iliyomuua Rais John F. Kennedy mjini Dallas mwaka 1963 ilinunuliwa kwa njia hiyo, kwa jina la uongo. Baraza la Congress lilizuia biashara hiyo miaka mitano baadaye, katika mwaka ambao Martin Luther King na Robert Kennedy nao waliuawa kwa risasi.

Katazo la bunduki karibu na shule lilikuja mwaka 1990, likabatilishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1995, kisha likarekebishwa na kurejeshwa. Sheria nyingine, ya mwaka 1994, iliyataka majimbo yanayopokea fedha za elimu kutoka serikali kuu yawe na sheria ya kumfukuza kwa muda usiopungua mwaka mmoja mwanafunzi atakayeleta bunduki shuleni. Wengi hudhani masharti haya yalitokana na mauaji ya shule ya Columbine, Colorado, ambako wanafunzi wawili waliwaua wenzao 12 na mwalimu mmoja mwezi Aprili 1999. La hasha, yalitangulia.

Ajabu ya Marekani ni kuwa, wakati mtoto anabanwa kwa sababu ya kisu cha kukunja, mtu mzima amelegezewa. Zaidi ya nusu ya majimbo sasa humruhusu raia abebe bastola iliyofichwa bila kibali. Anayesema kwamba nchi hiyo imekuwa kali kuhusu silaha anakumbuka shule tu, hakumbuki barabara.

Uingereza ilifuata njia tofauti. Mwezi Machi 1996, katika mji wa Dunblane huko Scotland, mtu mmoja aliwaua watoto 16 na mwalimu wao kwa bastola alizozimiliki kihalali. Mwaka uliofuata, bastola za watu binafsi zilipigwa marufuku karibu zote.

Kisu cha kumenyea chungwa

Hapa ndipo wazazi wa Afrika Mashariki walioko ughaibuni wanapopaswa kuwa waangalifu zaidi. Kisu kilichokuwa kifaa cha kawaida nyumbani kwao kinaweza kumfikisha mtoto wao mbele ya hakimu.

Nchini Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1988, ni kosa kubeba kisu hadharani bila sababu nzuri. Kinachoachwa ni kisu kidogo cha kukunja kisichojifunga kinapofunguliwa, chenye makali yasiyozidi inchi tatu. Sheria inakubali sababu za kazi, za dini, kama ule upanga mfupi wa Masingasinga, na hata za vazi la kitaifa. Kwa hiyo Mwomani aliyevaa jambia lake anaelekea harusini anayo hoja ya kumweleza polisi. Kijana aliyeweka kisu cha jikoni ndani ya mkoba kwa kuwa anaogopa wenzake njiani hana hoja hiyo. Woga peke yake kwa kawaida haukubaliwi kuwa sababu, na katika England na Wales mtoto anaweza kushtakiwa kuanzia umri wa miaka 10.

Sheria hizo zilikazwa mwaka 1996, miezi michache baada ya Philip Lawrence, mwalimu mkuu wa shule moja ya London, kuchomwa kisu nje ya lango la shule yake mwezi Desemba 1995 alipokuwa akimtetea mwanafunzi. Umri wa kuuziwa kisu ukawekwa kuwa miaka 16, na baadaye ukapandishwa hadi 18. Hata hivyo vijana wameendelea kuuawa, na miongoni mwa waliozika watoto wao zimo familia za asili ya Kisomali zilizokuwa zimekimbia vita.

Mtu aweza kuuliza: mbona panga la shuleni halikuua? Kwa maoni ya mwandishi huyu, jibu limo katika kazi. Panga lile lilitoka nyumbani kwenda kufyeka nyasi, likarudi nyumbani, na kila mtu mzima aliyepishana na mtoto alijua linakokwenda. Kisu cha mfukoni katika mtaa wa London hakina nyasi za kufyeka.

Angani

Marekani ilianza kumkagua kila abiria wa ndege mwezi Januari 1973, baada ya ndege zake zaidi ya 100 kukumbwa na majaribio ya utekaji katika muda wa miaka mitano. Afrika Mashariki nayo ilionja: mwezi Februari 1982, ndege ya Tanzania iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na vijana waliomtaka Rais Julius Nyerere ajiuzulu, ikaishia Stansted, karibu na London.

Hata baada ya ukaguzi kuanza, kisu chenye makali yasiyofika inchi nne kiliruhusiwa ndani ya ndege za Marekani hadi Septemba 11, 2001. Mwaka 2013 wakuu wa usalama walipendekeza kuvirudisha visu vidogo, lakini wahudumu wa ndege walipinga vikali na pendekezo likaachwa.

Kwa miguu

Katika safari ya kwenda shule, wazee wana haki ya kulalamika. Utafiti wa Mayer Hillman na wenzake ulionyesha kuwa mwaka 1971, watoto wanane katika kila kumi wa England wenye umri wa miaka saba na minane walikwenda shule bila mtu mzima. Kufikia mwaka 1990 alibaki mmoja tu katika kila kumi, au pungufu.

Kilichowaondoa hasa si muuaji wala mwizi wa watoto, bali motokaa. Vifo vya watoto barabarani vilipungua sana katika kipindi hicho, na serikali ikajisifu. Hillman akajibu kuwa barabara haikuwa salama zaidi, ila watoto walikuwa wameondolewa humo. Hakuna bunge lililopiga kura juu ya jambo hilo.

Marekani imeanza kulirudisha kwa sheria. Mwaka 2018, jimbo la Utah lilitamka kuwa mzazi anayemwacha mtoto aende shule kwa miguu au acheze nje peke yake hahesabiwi kuwa amemtelekeza, na majimbo mengine, yakiwamo Texas na Oklahoma, yakafuata. Sheria ya Utah haikutaja umri. Inasema tu mtoto awe mkubwa wa kutosha na mwenye akili ya kutosha.